Mgeni Namba Saba

Kwa wale ambao gazeti la wiki iliyopita walilifutia kioo kabla ya kulisoma, narudia kwa ufupi, maana aibu yangu haina siri tena.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiwasomea taarifa ya habari ya saa moja asubuhi redioni, miaka tisa. Jumatano jioni niliendesha kipindi cha haki za wafanyakazi. Nimewafundisha wapishi, madereva na wauguzi namna ya kudai mikataba, na wengi waliipata. Mimi mwenyewe sikuwa na mkataba. Mganga hajigangi.

Kila asubuhi nilisimama getini nikaandika jina langu kwenye daftari la wageni, nikapewa kitambulisho cha plastiki kilichoandikwa MGENI 07, ndipo nikaingia kusoma habari. Hapo hapo getini, ukutani, pana picha yangu kubwa kuliko mlango, nimeshika kipaza sauti, meno yote nje. Chini ya picha hiyo ndipo nilipokuwa nikiinama kujiandikisha, kama mtu aliyekuja kuuza bima.

Wiki iliyopita niliwaeleza nilivyokwenda kwa meneja wa wafanyakazi, tumbo likiwa la miezi saba, kuomba likizo ya uzazi. Huyu tunamwita Bwana Utaratibu, kwa sababu kwake hata chafya ina fomu. Alinisikiliza vizuri sana, akanimiminia maji, kisha akasema:

"Dada yangu, mgeni haombi likizo. Mgeni anaaga."

Jumatatu iliyofuata nilikuta kiti changu kina mtu. Nikatoka nikilia, na kitambulisho cha mgeni bado kikining'inia shingoni.

Nikafungua shauri kwenye ofisi ya usuluhishi wa kazi. Nilitaka kitu kimoja tu: nitambuliwe kuwa nilikuwa mfanyakazi, ili nikishajifungua nirudi kwenye kiti changu. Hapo ndipo tulipoishia.

Siku ya kusikilizwa ilifika. Shangazi yangu akaamua kunisindikiza, nami nikampa sharti moja, asifungue mdomo. Alikubali haraka mno, nikajua nimeumia.

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, viti vya aina nne tofauti, feni inayozunguka pale inapojisikia. Msuluhishi alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Hakuwa na haraka. Alitusalimu wote sawasawa, akamwambia Bwana Utaratibu aanze.

Bwana Utaratibu akasimama, akafunga kifungo cha koti. Akaeleza kwamba kampuni yao si kampuni, ni familia. Kwamba inasikitika kuona mtu iliyemkirimu anaigeuka. Kwamba hawakatai kuwa nilikuwa nikifika pale, wala hawakatai kuwa sauti yangu ilisikika hewani.

"Lakini mheshimiwa, mgeni akifika kwa watu akaombwa aseme neno, husema. Huyu aliombwa neno mara nyingi."

"Kwa miaka tisa?" Msuluhishi akauliza.

"Sisi tunapenda wageni."

"Na bahasha aliyokuwa akipewa kila mwisho wa mwezi?"

"Nauli. Muungwana hamwachi mgeni arudi kwa miguu."

Shangazi alikuwa amevumilia dakika sita, ambazo kwake ni mfungo. Akamwambia Msuluhishi kwamba wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na kwamba huyu mtoto wa kaka yake jembe limeshamwotesha sugu viganjani. Tena akauliza ni familia gani inayowaandikisha watoto wake getini. Msuluhishi akamwonya. Shangazi akaomba radhi, akaniambia kwa sauti ambayo chumba kizima kilisikia kwamba sasa ananyamaza.

Ndipo mlango ukafunguliwa akaingia mlinzi wa geti, ameitwa kwa barua ya Msuluhishi alete madaftari yote ya wageni. Alikuja nayo kwenye mfuko wa kufulia nguo, kumi na manane, akayapanga mezani kwa tarehe. Sare yake ilikuwa imepigwa pasi mpaka inakwaruza.

Huyu mlinzi tunamwita Mama Daftari. Amekaa getini miaka kumi na mmoja, na hajawahi kumruhusu mtu kupita bila kuandika, hata siku mwenye kampuni alipokuja amesahau kitambulisho. Ukimwambia unafahamiana naye, anakujibu: "Mimi sijui mtu, najua mstari." Hata asubuhi hiyo tulipokutana kwenye korido, mimi na tumbo langu, hakuniuliza hali. Alisema namba saba bado iko nje na daftari lake halijafungwa.

Nilifurahi kuyaona yale madaftari. Siku mia tatu kwa mwaka, mara tisa, jina langu limo. Nikamwambia Shangazi kwa jicho kwamba tumeshinda.

Kisha nikakumbuka nilichokuwa nikiandika humo.

Acheni niungame. Daftari lile lina safu sita: jina, unamtembelea nani, sababu ya kuja, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na sahihi ya mwenyeji. Wiki yangu ya kwanza, kwenye sababu ya kuja, niliandika "Kazini." Mama Daftari akalifuta. Mwenye kazi, alisema, ana kitambulisho chenye picha, mgeni aandike sababu ya mgeni. Basi nikaandika "Shughuli." Mwezi mmoja, miezi sita, mwaka. Mwaka wa pili hasira ikageuka mzaha. Nilijua hakuna anayesoma. Mama Daftari mwenyewe huangalia mstari ujae tu, uwe umejaa nini si shauri lake.

Bwana Utaratibu alikuwa ameyapitia usiku kucha, nadhani, maana alifungua kurasa bila kutafuta.

"'Nimepita tu,'" akasoma. "Tarehe tatu. Tarehe nne, 'Nimepita tena.' Hapa: 'Kumjulia hali paka wa jikoni.' Hapa: 'Kukwepa jua.' Mheshimiwa, hivi mfanyakazi huja kazini kukwepa jua?"

Akageuza kurasa. "'Kutafuta mchumba.' Hii ni miezi mitatu baada ya harusi yake. Tulichangia zawadi."

Namshukuru Mungu mume wangu siku hiyo alikuwa kazini kwake, kwenye kazi yenye mkataba. Msuluhishi alishika mdomo. Karani aliyekuwa akiandika aliacha kuandika akacheka waziwazi. Shangazi naye alicheka, na huyo ni wa upande wangu.

"Na hii ndiyo ninayoipenda," Bwana Utaratibu akasema. "Tarehe kumi na tisa, mwaka ule wa mafuriko. Sababu ya kuja: 'Kupumzika.'"

Siku ile niliingia studio saa kumi na moja alfajiri, sketi imelowa mpaka kiunoni, nikatoka saa tatu usiku. Wenzangu walishindwa kufika. Nilisoma barabara zilizofungwa, shule zilizofunguliwa kwa walioachwa bila makazi, majina ya watoto waliopotea na waliopatikana. Ndiyo maana niliandika vile, kwa uchungu. Lakini uchungu hauna safu yake kwenye daftari.

Msuluhishi akavua miwani.

"Siku ile mimi nilikuwa nimekaa juu ya meza ya jikoni kwangu," akasema. "Maji yalikuwa yamefika kwenye viti. Nilikuwa na kiredio cha betri, na nilikuwa nakusikiliza wewe. Lakini niliyoyasikia juu ya meza yangu si ushahidi. Ushahidi ni daftari, na daftari linasema ulikuwa unapumzika."

Nilitamani sakafu ipasuke. Mtoto akanipiga teke la ubavuni, nikaona hata yeye amenilaumu. Miaka tisa ya kuamka kabla ya jogoo ilikuwa inazikwa na vichekesho vyangu mwenyewe, na hakuna aliyenishika mkono kuviandika.

Bwana Utaratibu alianza kukusanya karatasi zake. Msuluhishi hakumfuata. Aliendelea kufungua kurasa polepole, kidole kikishuka safu kwa safu, mpaka daftari la mwaka wa sita. Kidole kikasimama.

"Huyu ni nani?"

Alikuwa anamuulizia kijana aliyekaa nyuma ya Bwana Utaratibu, shahidi wao, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajaniangalia usoni. Tunamwita Asali kwa ajili ya sauti yake. Ndiye aliyepewa kiti changu.

Asali alikuja mwaka wangu wa sita, hajui hata kukaa mbele ya kipaza sauti. Nilimfundisha mimi: wapi pa kuvuta pumzi, namna ya kutamka majina ya watu wa mbali bila kuwatukana, namna ya kutangaza msiba bila kuuimba. Wiki sita. Wiki ya saba akapewa kitambulisho chenye picha, mkataba, bima ya matibabu, na kiti chenye magurudumu. Nilipouliza, Bwana Utaratibu alinijibu kwenye korido kwamba yule ni mwanamume, kesho ataanza familia, ilhali mimi nina mume tayari. Kumbe kuwa na mume ndio mkataba wenyewe.

Lakini zile wiki sita Asali naye alikuwa mgeni. Naye ameandikwa. Msuluhishi akausoma mstari wake kwa sauti: jina la Asali. Unamtembelea nani: jina langu. Sababu ya kuja: kufundishwa kusoma habari. Mwisho wa mstari, sahihi ya mwenyeji: yangu. Akageuza ukurasa, mstari ule ule. Akageuza tena. Siku thelathini na sita.

"Meneja," akasema, "nisaidie. Ni mgeni gani huyu aliyekuwa anapokea wageni?"

Bwana Utaratibu akapekua karatasi zake. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alikuwa hana fomu. Shangazi akanibinya paja mpaka nikaumia. Nilianza kukiona kiti changu kwa mbali, mtoto kalala nyumbani kwa Shangazi, mimi nawaambia habari za asubuhi.

Msiwahi kufurahi katika hadithi hii. Mimi nimeshakoma.

Bwana Utaratibu aliomba dakika mbili, akainama sikioni kwa Asali. Walipomaliza, Asali alikuwa anatoka jasho juu ya mdomo. Meneja akamwekea daftari mbele.

"Swali moja tu. Mwandiko huu ni wako?"

Asali akatazama. Akanitazama mimi, mara moja, haraka.

"Hapana. Si mwandiko wangu."

"Umesikia, mheshimiwa. Mistari hii imeghushiwa. Na ukiangalia vizuri, mwandiko wenyewe ni ndugu wa ule wa 'Kutafuta mchumba.'"

Ungamo la pili, na hili ni zito kuliko la kwanza: Asali hakusema uongo. Niliandika mimi.

Alikuwa akichelewa. Kila siku, kwa ajili ya nywele zake. Habari ya saa moja haimsubiri mtu mwenye nywele, na foleni ya getini ilikuwa ndefu. Basi nikawa naandika mstari wangu, kisha naandika na wake, ili akifika apite moja kwa moja. Mstari wangu niliuchezea, wa mwenzangu niliuheshimu, nikaandika ukweli mtupu. Na jibu lile alilolitoa, fupi, bila nyongeza, mimi ndiye niliyemfundisha. Mwezi mzima nilimwambia: jibu ulichoulizwa, usiongeze neno.

Msuluhishi akanisogezea karatasi nyeupe na kalamu.

"Andika hapa, 'Kufundishwa kusoma habari.'"

Pembeni, Shangazi alikuwa ananikonyeza huku akitikisa mkono wake wa kushoto. Nilimwelewa. Ningeandika kwa kushoto, mwandiko usingefanana, na ingebaki neno langu na la Asali. Sitawadanganya, nilifikiria. Niliihamisha kalamu mkono wa pili, nikaikaza. Kisha nikaona nitakavyorudi kwenye kiti kile kila asubuhi kuwaambia watu ukweli, nikijua nilikipata kwa mkono wa kushoto.

Nikairudisha kulia, nikaandika kama ninavyoandika siku zote.

"Mwandiko ni wangu," nikasema. "Alikuwa anachelewa. Nilimwandikia."

Shangazi akafunika uso kwa mikono.

Bwana Utaratibu alitabasamu mpaka masikioni. Akasema yamekwisha. Mgeni amekiri kumwandikia mgeni mwenzake, daftari limechafuliwa, ushahidi wote haufai. Tena, akaongeza huku akimtazama Mama Daftari, inaonekana pale getini mtu yeyote alikuwa anaandika chochote na hakuna aliyejali.

Hilo la mwisho hakupaswa kulisema.

Mama Daftari alikuwa amekaa, mgongo wima. Alipotukanwa kwa daftari, alisimama.

"Daftari langu halijawahi kuchafuliwa," akasema. "Na utaratibu wake sikuutunga mimi. Mheshimiwa, fungua jalada. Ndani."

Msuluhishi akafungua. Ndani ya jalada palikuwa na karatasi iliyopigwa chapa na kubandikwa kwa gundi, Utaratibu wa Wageni, kanuni tisa, na chini yake sahihi kubwa yenye mkia. Wote tuliijua ile sahihi. Mwenyewe alikuwa mbele yetu, mkono kwenye kifungo cha koti.

"Soma ya tano," Mama Daftari akasema.

Msuluhishi akasoma. Mgeni haruhusiwi kumwandikia mgeni mwingine. Mgeni aliyechelewa ataandikiwa na mwenyeji wake, ambaye lazima awe mfanyakazi wa kampuni. Akaisoma mara ya pili, polepole, na karani akaiandika.

"Kwa hiyo siku thelathini na sita," Msuluhishi akasema, "chini ya kanuni yako mwenyewe, huyu aliruhusiwa kufanya jambo ambalo ni mfanyakazi tu anayeruhusiwa."

Feni ilisimama, ikawaza, ikaendelea. Asali aliangalia viatu vyake. Mimi sikuthubutu kufurahi, maana nilishafurahi mara mbili siku hiyo na zote mbili zilinitokea puani.

Ya tatu ikaja. Bwana Utaratibu alikaa chini, akafikiri, na alipoinua uso alikuwa ametulia kabisa.

"Si lazima," akasema. "Huenda ni mlinzi ndiye aliyevunja kanuni. Aliona mgeni anamwandikia mgeni, akanyamaza. Hilo linawezekana, na lingemaliza maneno yote haya." Akamgeukia. "Mama, binadamu hukosea. Ukisema ulikosea, tutakuonya kwa barua, basi. Lakini ukisema hukukosea, unanifanya mimi niwe mwongo mbele ya serikali. Na wewe si wa kwetu, ni wa kampuni ya ulinzi. Ni simu moja tu, na kesho geti lina mtu mwingine."

Msuluhishi alimkemea kwa vitisho hivyo, akaamuru viandikwe. Lakini neno likishatoka limetoka. Wote mle ndani tulijua kwamba ile simu ipo, na kwamba Msuluhishi hana mamlaka ya kuizuia isipigwe.

Mama Daftari ana binti chuo cha uuguzi, amebakiza mwaka mmoja. Najua kwa sababu ndiye mtu wa pekee pale kazini aliyewahi kusikiliza kipindi changu cha Jumatano akaniuliza swali. Aliuliza kama mlinzi wa kukodishwa naye ana haki. Nilimjibu hewani, kwa madaha, kwamba anazo zote.

"Mama," nikamwambia, "sema tu nilikudanganya. Sema hukuona."

Msuluhishi akaninyamazisha. Kisha akamuuliza taratibu, kama anayejua uzito wa anachouliza. "Mama, ni moja kati ya mawili. Ama ulivunja kanuni ya tano siku thelathini na sita, ama ulijua kwamba huyu ni mfanyakazi. Lipi?"

Mama Daftari alinigeukia mimi, akanyoosha mkono, kiganja juu.

"Nipe namba saba."

Sikuelewa. Mgeni hukirudisha kitambulisho anapoondoka, na nilidhani ananiaga. Nilikitafuta kwenye mkoba, plastiki ile ile iliyobanduka pembe kwa sababu ya kuitafuna nikisubiri zamu. Nikampa.

Akavua kofia yake ya kazi. Akakiweka kitambulisho ndani ya kofia, akavisukuma vyote viwili juu ya meza mpaka mbele ya Bwana Utaratibu. "Ile simu usijisumbue kuipiga," akamwambia, kisha akamgeukia Msuluhishi, akaanza kujibu.